Mbu wa Nchi za Juu: Hotuba ya Kamati ya Afya mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ya chama imetuomba tuseme neno juu ya homa ya malaria katika nchi yetu ya chai, tangu Kericho na Litein hata Sotik na Bomet. Twashukuru kwa heshima hiyo. Hatukuja kuwafundisha wazee jambo wasilolijua, maana wazee wameiona homa hii kwa macho yao, na wamezika watu kwa ajili yake. Tumekuja kueleza yale ambayo wataalamu wamegundua juu ya uzazi wa mbu, na jinsi uzazi huo unavyoamua kama ugonjwa utafika kwa mtu wa pili au utakufa njiani. Mwisho tutatoa ombi moja, nalo lahusu fedha za chama.

Watu wa nchi za juu tangu zamani waliogopa kulala mabondeni. Mtu aliyeshuka kuelekea Muhoroni na Ahero aliweza kurudi na homa, na wazee waliliona jambo hilo hata kabla ya daktari yeyote kulieleza. Mji wa Kericho umekaa katika kimo cha meta 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake imekuwa kwetu kama boma. Lakini adui amekwisha kuliruka boma hili mara nyingi. Daktari P. C. C. Garnham, aliyefanya kazi Kenya tangu mwaka 1925 hata 1947, aliandika mwaka 1945 katika gazeti la madaktari wa Uingereza juu ya milipuko ya malaria katika sehemu za Kenya zilizo juu sana, mahali ambapo wengi walidhani ugonjwa huu haufiki. Katika miaka ya 1950 jirani zetu wa Nandi walipewa dawa za kumeza kwa wingi na nyumba zao zikanyunyiziwa dawa ya kuua mbu, na homa ikatulia kwa muda mrefu.

Kisha ikarudi. Mwaka 1998 wataalamu watatu, Malakooti, Biomndo na Shanks, walichapisha habari za malaria katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, wakitumia madaftari ya hospitali ya shamba. Waliona kwamba milipuko imerejea, na kwamba wagonjwa wengi hawakuwa wamesafiri kwenda nchi za joto siku zilizotangulia ugonjwa wao. Twaomba neno hili lishikwe vizuri. Maana yake ni kwamba wengi waliambukizwa hapa hapa, na mbu wa hapa hapa. Kwa hiyo si haki kumnyoshea kidole mfanyakazi aliyetoka kando ya ziwa, au jirani wa kabila jingine anayekaa kambini pamoja nasi, na kusema kwamba yeye ndiye aliyeleta homa. Mbu hamwulizi mtu kwao ni wapi.

Huenda wengine watauliza, mbona homa hii hutuumiza sisi wakubwa pia, hali mtu mzima wa Ahero huumwa siku mbili akainuka? Sababu ni hii. Mtu aumwaye na mbu wenye malaria mwaka baada ya mwaka, tangu utotoni, mwili wake hujifunza kupigana na vijidudu kwa kiasi fulani. Huko watoto wadogo ndio walio hatarini kuliko wote. Huku kwetu miaka mingi yaweza kupita bila homa, na mwili haupati mafunzo hayo. Ugonjwa ukija, waanguka mtoto, mchuma chai, na mzee pia. Kwa hiyo ile baridi inayotulinda katika miaka ya kawaida hutuacha bila silaha katika mwaka wa mlipuko.

Sasa tumtazame mbu mwenyewe. Ronald Ross, tarehe 20 Agosti 1897, akiwa Secunderabad katika Bara Hindi, alikiona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Tangu hapo dunia yajua kwamba malaria ya binadamu hubebwa na mbu wa jamii iitwayo Anofelesi. Lakini si kila Anofelesi hutuuma. Dume hanywi damu kamwe. Chakula chake ni utamu wa maua na maji ya mimea, na mbu jike naye hula chakula hicho. Mbu jike hutafuta damu kwa sababu moja tu: bila damu mayai yake hayakomai. Kwa kawaida hupandwa mara moja katika maisha yake, kisha huhifadhi mbegu ya dume mwilini kwa mayai yote atakayotaga. Baada ya hapo maisha yake ni mzunguko mmoja: hunywa damu, hupumzika ukutani mayai yakikomaa, huenda majini kutaga, kisha hurudi kutafuta damu tena. Kila mara hutaga mayai 50 hata 200.

Hapa ndipo uzazi wa mbu unapokutana na ugonjwa wetu. Ili malaria ipite, mbu mmoja sharti aume watu mara mbili kwa uchache: mara ya kwanza ameze kijidudu kutoka kwa mgonjwa, na mara nyingine akitie kwa mzima. Katikati ya mara hizo kijidudu chahitaji siku nyingi za kukua tumboni mwake na kufika katika mate yake. Mbu akifa kabla ya siku hizo kutimia, ugonjwa umekufa pamoja naye. Kwa hiyo mbu kijana hana hatari kwetu. Mbu wa kuogopwa ni mama mzee, aliyekwisha kuzaa mara kadhaa.

Wataalamu walipataje kumjua mama mzee na mama kijana, hali wote ni sawa kwa sura? Mfugaji hutazama pete za pembe za ng'ombe akakisia amezaa mara ngapi. Wanasayansi wa Urusi, Detinova na Polovodova, waligundua alama kama hizo katika mifuko ya mayai ya mbu. Kwa mbu ambaye hajataga, mirija myembamba ya hewa katika mfuko wa mayai imejikunja kama uzi uliosokotwa. Akitaga mara ya kwanza mirija hunyoka, wala haijikunji tena. Tena kila utagaji huweza kuacha kifundo kidogo, na mtu mwenye macho makali na darubini aweza kuvihesabu vifundo hivyo.

Kazi hii ilifanywa kwa bidii nyingi Afrika Mashariki. Bwana M. T. Gillies, wa kituo cha utafiti wa malaria cha Afrika Mashariki kule Muheza na Amani, Tanganyika, aliandika mwaka 1953 juu ya muda ambao mbu huchukua tangu kunywa damu hata kutaga na kurudi. Mwaka 1954 alionyesha kwamba mbu wengi vijana huhitaji kunywa damu zaidi ya mara moja kabla ya mayai yao ya kwanza kukomaa. Mwaka 1965, yeye na mwenziwe Wilkes walichapisha uchunguzi mkubwa juu ya umri wa mbu wa Tanzania kaskazini-mashariki, waliowapasua mmoja mmoja na kuwahesabia uzazi wao. Ni kazi ya subira. Lakini kwa kazi hiyo mtaalamu aweza kusema katika kijiji fulani wapo mama wazee wangapi, na kwa hiyo hatari ni kubwa kiasi gani.

Sasa twaja kwenye jambo la joto, ambalo kwa nchi yetu ni kubwa. Kijidudu cha malaria kali kikiwa ndani ya mbu hutegemea joto la mahali. Chini ya nyuzi 16 za Sentigredi hakikui. Kwa hesabu aliyoieleza Detinova mwaka 1962, katika nyuzi 25 chahitaji kama siku 12 kukomaa. Katika nyuzi 21, siku 22. Katika nyuzi 20, siku 28. Na katika nyuzi 18, siku 55 na zaidi. Tuchukue mfano wa mbu 1,000 waliokunywa damu ya mgonjwa usiku mmoja, na tuseme kwamba kila siku mmoja katika kila kumi hufa. Katika nyuzi 25, wataishi kama 280 hata kijidudu kikomae. Katika nyuzi 18, watabaki kama watatu tu. Hilo ndilo boma letu, wazee wetu: mbu wa nchi ya baridi hufa kabla ya kijidudu kukomaa.

Lakini tazameni katikati. Katika nyuzi 20 wabaki kama 50, na katika nyuzi 21 wabaki kama 100. Joto limezidi kwa uzi mmoja tu, na hatari imekuwa maradufu. Huu ni mfano wa hesabu, na katika maisha mambo huchanganyika zaidi. Lakini waonyesha kwa nini badiliko dogo, ambalo mtu halihisi hata akiwa amevaa koti lake, laweza kuleta msiba kwetu na lisionekane kabisa huko nchi za joto.

Tukumbuke pia kwamba mbu akisha kunywa damu hupumzika ndani ya nyumba, na usiku joto la nyumbani si lile la nje. Nyumba yenye jiko, watu na mifugo huwa na joto kupita shamba la chai lililo mlangoni pake. Mwaka 2005 Yaw Afrane, pamoja na Andrew Githeko wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya na wenzao, walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi za juu za magharibi ya Kenya, upande wa Kakamega. Waliweka mbu katika nyumba za mahali penye msitu na za mahali palipokatwa miti. Nyumba za mahali palipokatwa miti zilikuwa na joto zaidi, na mbu waliokaa humo walikomaza mayai yao kwa siku chache zaidi. Mbu anayekomaza mayai upesi hurudi upesi kutafuta damu. Katika maisha yaleyale mafupi atauma watu wengi zaidi. Kule Kabale, Uganda, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha jambo la namna hiyo: vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa vilikuwa na joto kupita vile vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo ya asili. Mti na kinamasi, kumbe, vilikuwa sehemu ya boma.

Je, nchi yetu imezidi joto? Wataalamu walibishana sana juu ya Kericho. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika kwamba hawakuona badiliko kubwa la hali ya hewa, na wataalamu waliochunguza mashamba ya chai walionyesha sababu nyingine nzito, yaani vijidudu kuizoea dawa ya klorokwini. Ni kweli kwamba dawa hiyo ilikuwa imeanza kushindwa, na Kenya ilibadili dawa yake ya kwanza mwaka 1998, kisha ikachagua dawa mseto yenye artemisinini mwaka 2004. Lakini mwaka 2011 Judy Omumbo na wenzake walirudia vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho, wakaona kwamba tangu 1979 hata 2009 joto limepanda kwa kadiri ya sehemu mbili za kumi za uzi mmoja katika kila miaka kumi. Twaamini kwamba sababu zote mbili ni za kweli. Mgonjwa asiyeponywa na dawa hubaki na vijidudu vya kumezwa na mbu, na joto humpa mbu huyo nafasi ya kuvikomaza.

Upo pia utafiti mpya unaotutia moyo. Mwaka 2020 Jeremy Herren na wenzake wa kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, walieleza juu ya kiumbe kidogo mno kinachokaa ndani ya baadhi ya mbu wa Kenya, katika utumbo na mifuko ya mayai. Mbu mama hukirithisha kwa watoto wake kwa njia ya mayai, nacho hakimdhuru sana, lakini humzuia kubeba malaria. Mwaka uliofuata Godfrey Nattoh na wenzake walionyesha kwamba hupita pia kati ya dume na jike wanapopandana. Basi uzazi uleule unaoeneza malaria waweza siku moja kutumiwa kuizuia. Lakini kazi hiyo ingali mikononi mwa watafiti, na mvua za masika hazitaingojea.

Tufanye nini basi? Ukiyaelewa maisha ya mama mbu, kila silaha yetu yapata maana yake. Chandarua chenye dawa humnyima damu ya kukomaza mayai, na akikigusa huweza kufa kabla ya kuzeeka. Dawa ya kunyunyizia ukutani humpata pale anapopumzika na mimba yake. George Macdonald alionyesha kwa hesabu katika miaka ya 1950 kwamba kufupisha maisha ya mbu mkubwa kwapunguza ugonjwa kupita kiasi cha mbu wanaouawa, na mfano wetu wa mbu 1,000 waonyesha sababu yake.

Tena tumfuate majini. Mbu huyu hupenda madimbwi madogo yanayopigwa na jua: mashimo ya matofali, mitaro ya barabara iliyoziba, nyayo za ng'ombe penye majimaji, na mabwawa ya samaki yaliyoachwa. Kwa jirani zetu wa Kisii, Howard na wenzake walitia ngege katika mabwawa yaliyoachwa, na katika habari waliyochapisha mwaka 2007 walieleza kwamba baada ya wiki 15 viluwiluwi vya Anofelesi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya 94 katika kila 100. Hapo mtu amepata kinga na kitoweo kwa jembe moja.

Jambo la mwisho ni wakati. Homa ya huku hupanda baada ya mvua za masika, na mara nyingi hufikia kilele karibu na mwezi wa Juni. Andrew Githeko na Ndegwa walionyesha mwaka 2001 kwamba joto lisilo la kawaida katika miezi ya kwanza ya mwaka, likifuatwa na mvua nyingi, ni ishara ya mlipuko katika nchi za juu. Kwa hiyo twapewa onyo miezi kadhaa mbele, tukiwa na masikio ya kusikia.

Sasa ombi letu. Chama hiki kilianzishwa ili mwanachama asizikwe kama asiye na watu, na mjane asiachwe peke yake. Hiyo ni kazi njema, wala hatutaki senti moja ya mjane iguswe. Lakini twaona kwamba karibu fedha yote twaitoa baada ya msiba. Twachanga gari la kumpeleka mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa, twachanga jeneza, kisha twaenda nyumbani kungoja mwaka mwingine. Twaomba sehemu ndogo ya michango mipya, kwa kadiri Halmashauri itakavyoona yafaa, itengwe kila Januari kwa kazi ya kuzuia homa: vyandarua kwa kaya zisizo navyo, na posho ya chakula kwa siku mbili za kazi ya mikono, mwezi wa Februari, za kufukia mashimo na kuzibua mitaro.

Wako watakaosema kwamba katika miaka mingi homa haiji, na fedha hiyo itakuwa imepotea. Hoja hiyo ni ya haki, nasi tumeifikiri. Jibu letu ni kwamba mlinzi wa boma halipwi kwa usiku wa wezi peke yake. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mbu ni mdogo kuliko mwiba.

Yako mengine yasiyohitaji fedha. Mtu akipata homa, apimwe damu siku hiyohiyo katika zahanati, maana si kila homa ni malaria, na dawa ya kubahatisha huchelewesha tiba ya kweli. Akipewa dawa aimalize, hata akijisikia mzima. Anayeshuka nchi za joto kwa biashara au kwa mazishi achukue chandarua chake. Na wazee wa vijiji, pamoja na wahudumu wa afya wa vijijini, wapeane habari kila wiki. Wakiona homa zimezidi desturi, wapeleke neno hospitalini upesi bila kungoja kifo cha kwanza.

Bwana Mwenyekiti, yale ambayo wataalamu hawa walitafuta katika mfuko wa mayai wa mdudu asiyefikia uzito wa punje ya mtama, yametufikia sisi tusio na darubini. Twaweza kuyatumia kwa jembe, chandarua na daftari. Twauacha uamuzi mikononi mwa mkutano huu, tukijua kwamba Januari haiko mbali.



Sisi, Kamati ya Afya ya Chama.